Marinda Bomba: Mwongozo Kamili wa Kutia Kitambaa Marinda kwa Chuma cha Moto

Rinda lililotoka vizuri husimama lenyewe. Ukilibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake, na ukiinua kola usawa wa macho unaona matundu yake yamejipanga kama midomo ya filimbi. Rinda lililoharakishwa nalo halijifichi: asubuhi linapendeza, ikifika adhuhuri limelala kama mchicha uliochemshwa. Wengi hudhani kwamba tofauti ya hayo mawili ni ukali wa moto, kwa hiyo huongeza moto mpaka kitambaa kinababuka. Kinachotofautisha hasa ni unyevu. Kitambaa kinatakiwa kiwe na unyevu chuma kinapoingia, kiwe kikavu kabisa chuma kinapotoka, na kisiguswe mpaka kipoe. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni namna ya kuyatimiza mambo hayo matatu kwa mikono yako na vifaa unavyoweza kuvipata.

Marinda yanayoshughulikiwa kwa moto ni ya aina mbili. Yapo marinda bapa, kama ya sketi za shule, ambayo hukunjwa na kugandamizwa kwa pasi ya kawaida. Yapo pia yale ya mviringo, ambayo kitambaa huzungushiwa ufito wa chuma uliopashwa moto mpaka kikafanya mfululizo wa mawimbi. Haya ya pili nitayaita marinda bomba, kwa sababu ya umbo lake, na msomaji wa mjini asinicheke. Ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa kuwa marinda bapa kila fundi cherehani anayajua kwa kiasi fulani, ilhali haya mengine mafundi wengi wa kwetu huyaacha wakidhani yanahitaji mashine.

Mashine si lazima, na historia yake inathibitisha hivyo. Waingereza huita kazi hii gofaringi, jina lililotokana na neno la Kifaransa gaufre, yaani lile andazi bapa lenye vishimo kama sega la nyuki. Ilikomaa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 16, wakati wenye uwezo, wake kwa waume, walipovaa shingoni kola kubwa za kitani zilizojaa marinda. Kola kama hizo hazisimami bila wanga, na Waingereza walijifunza matumizi yake kutoka ng'ambo. Mwaka 1564 mwanamke mmoja wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), Dinghen van der Plasse, alihamia London na mumewe akaanza kazi ya kutia wanga. Inasimuliwa kwamba alitoza pauni 4 au 5 kumfundisha mtu kutia wanga, na shilingi 20 kumfundisha kuupika tu. Mwanzoni marinda yalipangwa kwa vijiti vya mti au mfupa, na katika miaka ya 1570 vikaanza kutumika vijiti vya chuma vilivyopashwa moto. Baadaye ikaja ile iliyoitwa pasi ya Kiitalia, ambayo ni bomba la chuma lililosimamishwa kwenye mguu wake na kutiwa ndani kipande cha chuma kilichotoka motoni, ili kitambaa kisiguse masizi wala majivu. Mashine zilifuata baadaye sana: mwaka 1866 Susan Knox wa New York alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mashine yenye rola mbili za mifereji. Kola zenyewe bado hazijafa, kwani wachungaji wa Kanisa la Kilutheri la Denmark huvaa mpaka leo kola nyeupe ya marinda shingoni.

Kwa nini kitambaa hukubali umbo

Pamba na kitani vimejengwa kwa selulosi, na nyuzi zake hushikana kwa vifungo vidogo vya haidrojeni ambavyo maji huvilegeza. Kitambaa kikilowa nyuzi huteleza na kukubali umbo lolote unalolipa, na kikikauka vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo hilo. Kazi ya moto ni kuyafukuza maji haraka na kuupika wanga ugande katikati ya nyuzi. Kwa sababu hiyo chuma cha moto juu ya pamba kavu hakifanyi mengi zaidi ya kuunguza, na kwa sababu hiyo hiyo marinda ya pamba hupotea yote siku ya kufua.

Poliesta ina tabia nyingine. Yenyewe ni aina ya plastiki, hulainika kwa joto na kushika umbo inapopoa, kisha hubaki nalo hata ikifuliwa, mradi maji ya kufulia yasiwe ya moto sana. Wanga hauna kazi kubwa kwake. Ukiwa hujui kitambaa chako ni kipi, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe juu ya sahani: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, na poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi.

Vifaa

Kifaa kikuu ni ufito wa chuma wa mviringo, laini, wenye kipenyo cha nusu inchi, yaani takriban milimita 13. Usitumie nondo ya ujenzi, kwa sababu ile mistari yake itajichora kwenye kila rinda. Kwa aliye na umeme, kifaa bora kuliko vyote ni ile pasi ya duara ya kukunjia nywele inayotumika saluni, yenye bomba la nusu inchi. Joto lake hurekebishwa, halipandi wala kushuka ovyo, na ulimi wake unaweza kufungwa au kufunguliwa kabisa usikusumbue. Inunue mpya na uitenge kwa kazi hii tu, maana mafuta ya nywele hayatoki kwenye kitambaa cheupe.

Asiye na umeme atahitaji fito mbili, ili moja iwe jikoni wakati nyingine ipo kazini. Ziwe na mipini ya mti, na zilazwe juu ya wavu badala ya kuchomekwa ndani ya makaa, ili zisishike majivu. Jiko la mkaa likae nje au kwenye baraza iliyo wazi; hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua, na huua bila harufu ya kukuonya.

Zaidi ya hivyo andaa pasi ya kawaida, kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 11 na nusu, taulo kuukuu, pini, penseli ya mti, karatasi nyeupe, kipande cha nta na kitambaa cheupe cha kujaribia joto. Kazi ya kopo nitaieleza.

Hesabu kabla ya mkasi

Tuchukue kola ya mtoto wa kwaya mwenye shingo ya sentimita 36, itakayokuwa na marinda ya upana wa sentimita 5. Kanuni ya kawaida ni kukata utepe mara tatu ya shingo, yaani sentimita 108, na kanuni hii ina sababu yake. Kola ikilala shingoni, ukingo wake wa nje uko sentimita 5 mbali na shingo, na mzunguko wa huko nje unafika takriban sentimita 67. Gawanya 108 kwa 67, utapata 1.6. Mawimbi ya nusu duara, moja juu na moja chini, yanahitaji kitambaa karibu mara 1.57 ya nafasi yanayokaa. Kwa hiyo utepe wa mara tatu unatosha kabisa kujaza ukingo wa nje kwa mabomba kamili: ukipunguza yatafunguka, na ukizidisha yatabanana.

Ufito wa nusu inchi hula takriban sentimita 4 za kitambaa kwa kila wimbi zima, bomba moja la juu na bonde lake. Sentimita 108 kwa 4 ni mawimbi 27. Yaani kila sentimita 4 za ukanda wa shingo zitabeba sentimita 12 za utepe, ambazo zitatoa mabomba matatu. Ukibadilisha shingo au upana wa rinda, rudia hesabu hii kwenye karatasi kabla hujagusa kitambaa.

Chagua pamba nyepesi iliyofumwa karibu, kama ya leso za mfukoni, au kitani chembamba. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili irudi kabisa kabla ya kukatwa. Kata utepe wenye urefu wa sentimita 110 na upana wa sentimita 6 na nusu, ukikata kwa kukatisha kitambaa kutoka ukingo mmoja wa jora hadi mwingine, ili nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa jora, ambazo ndizo zenye nguvu, ziende sawa na mabomba. Sentimita 2 za ziada kwenye urefu ni za kupinda ncha. Kwenye upana, sentimita 1 ni ya mshono na nusu ni ya upindo. Ukanda wa shingo ukatwe sentimita 40 kwa 6.

Kushona

Pinda ukingo wa chini na ncha mbili za utepe kwa upindo mwembamba kadiri mkono unavyoweza, kwa sababu upindo mnene haukauki kwa wakati mmoja na sehemu nyingine na utakulazimisha kubana chuma muda mrefu kuliko inavyofaa. Kwenye ukingo wa juu piga mistari miwili ya mshono mrefu kuliko yote ya cherehani yako, mmoja milimita 3 kutoka ukingoni na mwingine milimita 7, ukiacha nyuzi ndefu mwishoni. Weka alama ya chaki kila sentimita 12 kwenye utepe na kila sentimita 4 kwenye ukanda, kisha uvute nyuzi mpaka alama zikutane. Sambaza mikunjo sawasawa ndani ya kila sehemu, bana kwa pini, shona, funika mshono kwa kukunja ukanda, na utie kifungo. Hapo kola yako itaonekana kama kitu kilicholaliwa, na ndivyo inavyotakiwa iwe katika hatua hii.

Wanga

Wanga na unga wa muhogo ni vitu viwili. Unga una nyuzi na ukiutumia utaacha madoa ya kijivu. Wanga hupatikana kwa kukuna muhogo mbichi, kuuosha ndani ya maji, kuchuja kwa kitambaa, kuacha maji yatulie na kumwaga yaliyo juu. Ule weupe uliotuama chini ndio wanga, uanikwe ukauke. Wa dukani, uwe wa muhogo au wa mahindi, unafaa vilevile.

Koroga vijiko 2 vya chakula vya wanga katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka yasibaki madonge. Chemsha nusu lita ya maji, punguza moto, kisha mimina mchanganyiko polepole huku ukikoroga. Mwanzoni utakuwa mweupe kama maziwa. Endelea mpaka ung'ae na kuona chini ya sufuria. Usipofika hapo wanga haujaiva, na utabandua unga mweupe kila chuma kitakapopita. Tia chumvi kidogo na kipande cha nta kama punje ya hindi. Nta huyeyuka humo na kusaidia chuma kuteleza. Chuja ungali moto.

Wanga ukiwa vuguvugu, zamisha kola, ikande mpaka ushibe hadi ndani ya mshono, kisha ikamue kwa kuiminya ndani ya taulo bila kuisokota. Ianike kivulini ikauke kabisa. Hatua hii wanafunzi wangu hutaka kuiruka, waende moja kwa moja na kola iliyolowa wanga, na matokeo yake ni chuma kilichoganda ute wa kahawia. Ikishakauka itakuwa ngumu kama karatasi. Inyunyizie maji safi kwa vidole, ikunje ndani ya taulo na uiache saa moja ili unyevu ujigawe wenyewe. Ukiikunjua iwe baridi mkononi, lakini ukiiminya isitoe hata tone.

Kupitisha chuma

Anza kwa pasi ya kawaida. Nyoosha ukanda wa shingo mpaka ukauke. Kisha ingiza ncha ya pasi kwenye utepe kutoka ukingo wa nje kuelekea kwenye mshono, kwa haraka, kiasi cha kuondoa makunyanzi tu. Utepe usikauke, ukikauka unyunyizie tena.

Sasa kopo. Lizungushie kitambaa mara moja, simamisha kola juu yake kana kwamba ni shingo, ufunge na kuubana ukanda kwa pini kwenye kile kitambaa, huku utepe ukitokeza nje pande zote. Bila kopo utakuwa unafanya kazi kwenye utepe ulionyooka, ambapo kila wimbi lina nafasi ya sentimita 1 na theluthi tu. Bomba la nusu inchi halina pa kukaa, na kila ukitengeneza jipya unaliponda la jirani. Likiwa kwenye mviringo, kila bomba linapata nafasi yake halisi.

Weka pasi ya nywele kwenye joto la nyuzi 180 za Selsiasi kwa pamba, na hadi 200 kwa kitani. Kwa ufito wa jikoni, ufute kwa kitambaa, uuminye kwenye kitambaa cheupe na uhesabu mpaka tano. Kikigeuka manjano, subiri upoe na ujaribu tena. Kisipobadilika na tone la maji likichemka papo hapo juu ya ufito, joto linatosha.

Anzia karibu na kifungo, upande wa nyuma, ili mkono wako ujifunze pale ambapo macho ya watu hayafiki. Elekeza ufito katikati ya kopo kama spoki ya gurudumu la baiskeli inavyoelekea kitovu, upitishe chini ya utepe hadi karibu na mshono, uinue kidogo. Kwa mkono wa pili laza penseli kwenye bonde lililo kando yake na uishushe, ili kitambaa kikumbatie ufito kwa nusu duara. Utasikia mchirizo mdogo na kuona mvuke. Sasa usifanye chochote. Mvuke utapungua, mchirizo utanyamaza, na baada ya hapo hesabu tena mpaka tatu. Kwa kitambaa chepesi muda wote ni kama sekunde 10, na upindo huwa wa mwisho kukauka, kwa hiyo utazame huo. Kisha chomoa ufito kwa kuuzungusha kidogo kwenye kiganja, kama anayetoa pete kidoleni. Ukiuvuta moja kwa moja utaondoka na rinda.

Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii, kwenye gauni la ubatizo la mtoto wa jirani, nilichomoa ufito wakati mvuke ungali unatoka, kwa sababu rinda lilikuwa tayari limependeza. Yalisimama yote 30 na ushei, nikayashangilia. Kufika wakati wa wimbo wa pili kanisani, nusu yake yalikuwa yameungana na gauni.

Endelea hivyo kuzunguka kopo. Alama za sentimita 4 zikuongoze, na kila baada ya mabomba matatu hakikisha umefika kwenye sehemu inayofuata ya ukanda, maana kosa la milimita mbili kwa kila bomba hujumlika mpaka likazidi bomba zima mwishoni. Futa ufito kwa kitambaa chenye maji baada ya kila mabomba matano au sita, kwani wanga ukianza kuganda huunguza na kuacha mstari wa hudhurungi. Ukitumia umeme, ukaushe mkono kabla ya kuushika mpini.

Ukimaliza, viringisha vipande vya karatasi nyeupe uvichomeke ndani ya mabomba, na uiache kola kwenye kopo mpaka ipoe kabisa. Saa moja si nyingi. Wanga wa moto bado ni laini, na kola inayotolewa kwenye kopo ingali vuguvugu hujinyoosha mbele ya macho yako.

Marinda bapa, kwa kifupi

Kwa sketi, hesabu ni ile ile ya mara tatu. Kiuno cha sentimita 66 chenye marinda ya sentimita 3 kina marinda 22, kila moja likila sentimita 9, jumla 198 mbali na mshono. Yapige bandi, yaani mshono wa muda, kwa uzi wa pamba juu, katikati na chini kabla ya pasi kukaribia. Laza kitambaa cha pamba kilicholowa maji yenye kijiko kimoja cha siki kwa kikombe, gandamiza pasi kwa kuinua na kushusha bila kuiburuza, kisha, mvuke ungali unatoka, ondoa kitambaa na ukandamize rinda kwa kipande cha mbao kavu. Mbao hunywa mvuke na kupoza kwa wakati mmoja, na ndiyo siri ya makali ya marinda ya suti. Kwa poliesta weka pasi kwenye nukta mbili, yaani isizidi nyuzi 150, na ujaribu kwanza kwenye upindo wa ndani. Toa bandi sketi ikiwa imepoa, halafu pitisha pasi mara ya mwisho kwa wepesi kuondoa alama za nyuzi.

Makosa na marekebisho

Doa la manjano jepesi kwenye pamba nyeupe mara nyingi ni wanga ulioungua juu tu. Loweka kwenye maji baridi, fua, anika juani, utaliona likififia. Likiwa la kahawia na kitambaa kimekuwa kigumu pale, nyuzi zimekufa na hakuna dawa. Bomba moja lililopondeka halihitaji kola nzima irudiwe: lilowanishe kwa kidole, lipitishie ufito, subiri. Mabomba yakilegea yote kwa pamoja, tatizo liko kwenye wanga uliokuwa mwepesi au kwenye hewa. Mwambao wakati wa masika hewa hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba wanga huanza kunyonya usiku huo huo. Huko ongeza kijiko cha tatu cha wanga, fanya kazi siku ile ile ya kuvaa ikiwezekana, na uhifadhi kola ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Isikunjwe wala isiwekewe kitu juu.

Kabla hujaikabidhi, andika kwenye kipande cha karatasi kipenyo cha ufito, idadi ya mabomba na vijiko vya wanga, ukishikize kwa pini ndani ya ukanda. Kola ikifuliwa mara ya kwanza itakurudia ikiwa bapa kama leso, na wewe au fundi mwingine atakayeipokea mtahitaji kujua kwamba ilikuwa nusu inchi na mabomba 27.